KIPIMO CHA UMEME WA MOYO: KARATASI INASEMA NINI?



Wengi wetu hudhani ugonjwa wa moyo ni wa watu wa mjini, wala haumfikii mkulima wa Kwashemshi aliyezoea jembe. Sivyo. Mwaka 2019 watafiti huko Moshi waliwapima wagonjwa waliofika hospitali wakiwa na maumivu ya kifua au kuhema kwa shida. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo. Kati ya hao, zaidi ya theluthi moja walifariki kabla ya siku 30 kwisha.

Shambulio la moyo ni nini?

Moyo ni msuli, nao hulishwa na mishipa yake wenyewe ya damu. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ya msuli huanza kufa, kama mahindi yaliyokatiwa maji ya mfereji. Mshipa ukikaa umeziba, sehemu inayokufa huzidi kupanuka.

Kipimo hufanywaje?

Moyo hupiga kwa nguvu ndogo ya umeme. Mholanzi Willem Einthoven alitengeneza mashine ya kuuandika umeme huo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mgonjwa hulala chali, hubandikwa nyaya 10 kifuani, mikononi na miguuni. Hachomwi sindano. Baada ya dakika chache hutoka karatasi yenye mistari inayouonyesha moyo kutoka pande 12.

Mganga hutazama nini?

1. Mstari uliopanda. Ukibaki juu baada ya pigo, mara nyingi mshipa umeziba kabisa. Hapo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa 12, na hufaa zaidi katika saa za mwanzo.

2. Mahali palipopanda. Alama zikiwa nyingi, jeraha ni kubwa. Ukuta wa mbele wa moyo ukiumia, kwa kawaida hatari huwa kubwa kuliko ukuta wa chini.

3. Mashimo marefu katika mstari. Huenda sehemu ya msuli imekwisha kufa, sasa au zamani.

4. Mwendo wa mapigo. Mapigo ya polepole mno, au yaliyovurugika, huonya kuwa moyo waweza kusimama ghafla.

Lakini karatasi nzuri haimwondolei mgonjwa hatari. Pengine alama hazijajitokeza. Ndiyo maana mganga hurudia kipimo, hupima damu, na huangalia umri, presha na upumuaji.

Wewe ufanye nini?

Kifua kikibana kama kimelaliwa na gunia, maumivu yakaenda mkononi au tayani, jasho baridi likatoka, usiseme ni kiungulia tu. Usingoje kupambazuke. Usitembee wala kuendesha baiskeli. Tafuta mtu akupeleke hospitali mara moja. Leo, ukiwa mzima, uliza zahanati yako ni hospitali gani ya karibu yenye mashine hiyo.

Ukiwahi kupimwa, itunze karatasi yako mahali pakavu na uende nayo hospitali. Mganga akizilinganisha ya zamani na mpya, atajua jeraha lipi ni la leo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini saa za mwanzo ni muhimu?
2. Karatasi nzuri yatosha kumrudisha mgonjwa nyumbani? Eleza.
3. Kijijini kwenu, mgonjwa wa usiku atasafirishwa na nani?