Ukisikia "Sayari Mpya Imegunduliwa", Anzia Rujewa

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, watu waliokusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, waliona mwezi ukiingia mbele ya jua mpaka likabaki kama pete. Kama ulikuwepo, au ulisimuliwa na aliyekuwepo, basi umeshapata somo kubwa kuliko yote katika habari hii. Sayari nyingi zinazotangazwa siku hizi hupatikana kwa njia hiyohiyo: kitu cheusi kinapita mbele ya kitu king'aacho, na mwanga unapungua.

Tofauti ni kwamba nyota ziko mbali mno, hivyo pete haionekani. Kinachoonekana ni upungufu wa mwanga tu. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota iliyo kama jua letu, huziba sehemu 1 kati ya 100 ya nuru yake. Iliyo kama dunia yetu huziba sehemu 1 kati ya 10,000 hivi. Upungufu ukijirudia kwa vipindi vilivyo sawa, wanaastronomia huanza kushuku kwamba kuna sayari inayozunguka pale.

Kwa hiyo habari ya "sayari mpya" ikikufikia kwenye kundi la WhatsApp, jambo la kwanza ni kuuliza: ni sayari ya jua letu, au ya nyota nyingine? Katika familia ya jua letu ugunduzi ni nadra sana. Uranus iligunduliwa mwaka 1781, Neptune 1846. Pluto ilipatikana 1930, na mwaka 2006 ikaondolewa kwenye orodha ya sayari kubwa. Za nyota nyingine ni habari tofauti kabisa. Za kwanza zilithibitishwa mwaka 1992, na hesabu ya NASA ilifika 5,000 Machi 2022, kisha 6,000 Septemba 2025. Gawanya mwenyewe: sayari 1,000 kwa miaka mitatu na nusu ni karibu moja kila siku, ingawa haziji moja moja. Mwezi Mei 2016 zilitangazwa 1,284 kwa mkupuo.

Swali la pili: imethibitishwa, au inashukiwa? Nyota mbili zinazopishana zinaweza kuleta upungufu unaofanana kabisa na wa sayari, na ndiyo maana maelfu bado zinasubiri kwenye foleni. La tatu: picha imetoka wapi? Ukiona milima, bahari na machweo ya rangi ya waridi, hiyo imechorwa na msanii. Mimi nikiona mchoro umewekwa bila kutajwa kuwa ni mchoro, sisambazi.

Neno "kugundua" lenyewe lisikutishe. Mwaka uleule wa 1930 ilipopatikana Pluto, mpima ardhi aitwaye William Nott aliandikisha kimondo cha Mbozi, kule kijiji cha Ndolezi, mkoa ambao sasa ni Songwe. Vitabu vinasema alikigundua. Lakini wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Alichofanya Nott ni kukipeleka kwenye kumbukumbu za dunia. Katika astronomia pia, anayehesabiwa mgunduzi ni yule aliyeona, akapima, akaandika, na wengine wakapima wakakuta vilevile.

Galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, hazihesabiki kama sayari. Miaka mia moja na ushei iliyopita wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kuna galaksi nyingine zaidi ya hii yetu. Leo darubini ya Vera Rubin, nchini Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, inatarajiwa kuorodhesha galaksi bilioni 20 katika miaka kumi. Hakuna anayetangaza galaksi moja moja kwa idadi hiyo. Galaksi ikitajwa peke yake kwenye habari, tafuta sababu: mara nyingi ni kwa kuwa iko mbali kupita zote zilizotangulia, au umbo lake si la kawaida.

Sasa toka nje. Nyanda za Juu Kusini zina bahati: Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa inaikaribia, na kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua zimekatika. Chagua siku za giza, karibu na mwezi mwandamo. Ondoka kwenye taa za mji, uende upande wa Isimila ukiwa Iringa, au juu Kitulo ukiwa Mbeya. Mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama, maana watu wanaozunguka shambani usiku na tochi huleta taharuki, na wenyeji wana haki ya kuuliza. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, kisha yape macho dakika ishirini. Koti zito, blanketi na chupa ya chai si anasa. Baridi ya Julai huko juu inavunja mkutano mapema.

Saa mbili usiku mwezi Julai, tazama kusini. Karibu na Msalaba wa Kusini kuna nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri. Jirani yake, Proxima, haionekani kwa macho, ila ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, na mwaka 2016 ilithibitishwa kuwa na sayari. Oktoba, kati ya saa nne na saa sita usiku, utaona kusini wingu dogo lisilosogea: ni galaksi, Wingu Dogo la Magellan. Geukia kaskazini utafute ukungu wa galaksi ya Andromeda, ulio umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Moshi wa mashamba yanayochomwa miezi hiyo unaweza kuuficha, basi subiri baada ya mvua ya kwanza.

Kuna sayari iliyopewa jina na Tanzania. Mwaka 2019 nchi nyingi zilipewa kila moja nyota ya kuipa jina, na yetu, WASP-71, ikaitwa Mpingo. Sayari yake ni Tanzanite, na mwaka wake hauzidi siku tatu zetu.

Mwisho kabisa, ukiwa na simu na bando, shiriki. Kwenye tovuti ya Zooniverse, mradi wa Planet Hunters TESS unakuonyesha grafu ya mwanga wa nyota nawe unatia alama penye upungufu. Galaxy Zoo inakuuliza umbo la galaksi. Ni bure, na ingawa maelezo ni ya Kiingereza, kazi yenyewe ni ya macho. Hanny van Arkel alikuwa mwalimu wa shule Uholanzi alipoona kwenye Galaxy Zoo, mwaka 2007, wingu la gesi ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelitilia maanani. Mwalimu wa Fizikia wa Mbarali au Kilolo, jiandikishe likizo ya Juni, ujifunze grafu kumi za kwanza peke yako, na shule zikifunguliwa waite wanafunzi watano waanze na wewe.