Kwa nini ni vigumu kuacha kamari?

Ukimuuliza mtu aliyezama katika kamari ataacha lini, atakujibu kwamba ataacha pindi atakaporudisha pesa alizopoteza. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe: kila anapozifuata pesa hizo, hupoteza nyingine.

Wengi hudhani huu ni ukosefu wa adabu tu. La hasha. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa maradhi ulioanza kutumika 2022, limeuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini mtu anapotarajia jambo la kumfurahisha. Mcheza kamari hajui atashinda lini, na kutojua huko ndiko humnasa zaidi. Chukua mfano wa "mkeka" wa mechi 10. Timu 9 zikishinda na moja ikauchana, mchezaji haoni kwamba ameshindwa, huona amekaribia. Ilhali hata kama kila ubashiri ungekuwa na nafasi ya nusu kwa nusu, mkeka huo ungefaulu mara 1 tu katika 1,024.

Kuna ugumu mwingine. Mlevi anaweza kuepuka baa. Mraibu wa kamari hawezi kuepuka simu, kwani humo ndimo mna nauli, karo na pesa za chakula. Aidha, anayeacha huweza kukosa usingizi, kutotulia na kukasirika upesi kwa muda.

Utajuaje kama umenaswa? Jiulize maswali mawili. Je, umewahi kuhisi ni lazima uzidi kuongeza pesa unazochezea? Je, umewahi kuwadanganya jamaa zako kuhusu kiasi unachocheza? Ukijibu "ndiyo" hata kwa swali moja, muone daktari.

Kiapo pekee hakitoshi. Fanya haya pia:

1. Mwambie mtu unayemwamini ukweli wote, pamoja na madeni.

2. Mwombe akusaidie kusimamia mshahara kwa miezi kadhaa. Usiweke pesa nyingi kwenye simu.

3. Itake kampuni ya kamari ifunge akaunti yako, kisha ufute programu zake na uzuie jumbe zake.

4. Hamu ikikujia, ahirisha kwa nusu saa. Tembea au mpigie mtu simu. Hamu hupanda, kisha hushuka.

Nanyi jamaa, msimpe mgonjwa pesa taslimu za kulipa madeni, kwani huenda zikawa mtaji wa kuchezea. Mkiamua kusaidia, mlipeni mdai mwenyewe. Pia msimtukane, aibu humfanya afiche zaidi.

Akiteleza baada ya miezi kadhaa, asikate tamaa. Arudi kwa mshauri wake. Tiba ya ushauri, inayomfundisha mtu kutambua mawazo yanayomdanganya, imewasaidia wengi. Huduma za uraibu zinapatikana katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na daktari wa karibu nawe anaweza kukuelekeza kwingineko.

Iwapo madeni yamekufanya ufikirie kujitoa uhai, usikae peke yako wala usingoje kesho. Mwambie mtu sasa hivi, akupeleke hospitali iliyo karibu. Madeni yanaweza kupangwa na kulipwa polepole ukiwa hai.