Somo la Afya: Usisubiri Damu



Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kuwa virusi vya Marburg vimeingia nchini. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 kati yao wamefariki. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Basi tujifunze: mgonjwa huyu anaonekanaje, na anapimwaje bila mpimaji kuangamia?

Tukisikia "homa ya kutoka damu", wengi wetu tunatazamia damu. Hapo ndipo penye hatari. Damu huchelewa, na wagonjwa wengi hawaonyeshi damu kabisa.

Siku za mwanzo. Homa kali ya ghafla, kichwa na misuli kuuma, uchovu mkubwa. Hapa huwezi kumtofautisha na mgonjwa wa malaria. Hata kipimo kikionyesha malaria, usitulie: mtu aweza kuwa na yote mawili.

Kuanzia siku ya tatu hivi. Kuhara maji, tumbo kuuma, kutapika. Tazama macho: huwa mekundu, kisha huingia ndani. Uso hupoa, kama wa mtu asiye na habari na walio karibu naye. Upele usiowasha huweza kutokea. Kwenye ngozi nyeusi hujificha, kwa hiyo utafute penye mwanga mzuri.

Siku ya tano hadi ya saba. Kwa baadhi yao damu hutoka kwenye fizi, puani, katika matapishi na kinyesi, na pale palipochomwa sindano. Mapigo ya moyo ya haraka na hafifu pamoja na mikono baridi ni dalili kwamba damu haizunguki vya kutosha.

Angalieni: macho, uso na ngozi vyote husomwa bila kugusa. Basi anza kwa maswali, ukiwa umbali wa zaidi ya mita moja. Katika siku 21 kabla ya kuugua, aliingia pangoni au mgodini wenye popo? Alimuuguza mgonjwa? Alishiriki mazishi? Sisi wa Rusizi tuulize pia safari za kuvuka mpaka. Ebola ilifika Kivu Kusini mwaka 2019. Jibu likiwa ndiyo, mtenge mgonjwa, piga simu 114, na asiguswe na yeyote asiye na vazi kamili la kujikinga.

Tahadhari hii haipingani na tawakkul. Mtume (s.a.w.) alituelekeza tusiingie penye tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia tauni imeingia Sham, alirudi na watu wake.

Maiti naye bado huambukiza. Wataalamu wakizuia kumwosha, fiqhi ina hukumu za dharura. Tuwaulize masheikh wetu, na swala ya jeneza tumswalie.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini kipimo cha malaria pekee hakitoshi?
2. Ni dalili zipi unaweza kuziona bila kumgusa mgonjwa?

Allah awaponye wagonjwa wetu na awahifadhi wanaowahudumia. Amin.