Dubu Mweusi wa Amerika na Hatari ya Chakula cha Bure

Bara la Afrika leo halina dubu mwitu hata mmoja. Wale wa mwisho, waliokuwa wakiishi katika milima ya Atlasi, walitoweka katika karne ya 19. Kwa hiyo wanafunzi wetu humjua mnyama huyu kwa picha tu. Hata hivyo, maisha ya dubu mweusi wa Amerika yana mafunzo mawili makubwa kwa somo la Bayolojia: jinsi mwili unavyoikabili njaa, na jinsi chakula kinavyoweza kuwa chanzo cha kifo.

Makazi na chakula

Dubu mweusi (Ursus americanus) hupatikana Kanada, Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ni mkazi wa misitu na hodari wa kukwea miti. Jina lake lisimpotoshe msomaji: wako wenye manyoya ya kahawia, na katika pwani ya British Columbia wako hata weupe. Ijapokuwa ana chonge kali, sehemu kubwa ya chakula chake ni mimea: majani machanga, matunda ya porini na kokwa za miti kama mwaloni. Huongezea wadudu, na nyama anapoipata. Mbegu nyingi za matunda anayokula hutoka katika kinyesi chake zikiwa nzima, zikaota mbali na mti mama. Basi dubu ni mpanzi wa msitu unaomlisha.

Usingizi wa majira ya baridi

Majira ya baridi yanapokaribia, dubu hula mchana na usiku ili kujiwekea akiba ya mafuta. Kisha huingia pangoni, au katika shina lenye uwazi, akakaa humo kwa miezi kadhaa. Muda huo wote hali, hanywi, hakojoi wala haendi haja kubwa. Utafiti uliofanywa Alaska na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba matumizi ya nishati mwilini hushuka hadi robo ya kawaida, ilhali joto la mwili hupungua kwa nyuzi 5 au 6 tu za Selsiasi. Urea, ambayo sisi huitoa kwa mkojo, huvunjwavunjwa na nitrojeni yake kutumika tena kujenga protini. Ndiyo maana dubu huamka akiwa amekonda, lakini misuli yake bado ina nguvu.

Uzazi

Dubu hupandana mwezi Juni au Julai, lakini kiinitete hakijishikizi katika mji wa mimba mpaka karibu na Novemba. Jike asiyepata mafuta ya kutosha hazai mwaka huo. Watoto, kwa kawaida wawili au watatu, huzaliwa pangoni katikati ya baridi, kila mmoja akiwa na uzito usiofika nusu kilo. Hukaa na mama yao kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa hiyo jike huzaa mara moja tu katika miaka miwili, na pengine zaidi. Hapa ndipo penye kiini cha uhifadhi: jike mmoja akiuawa, pengo lake halizibiki upesi.

Madhara ya takataka

Katika hifadhi ya Yellowstone, kwa miaka mingi watalii waliwalisha dubu kando ya barabara, na dubu wakazoea kukusanyika katika majalala. Jalala la mwisho lilifungwa mwaka 1970. Huko Yosemite, mwaka 1998 pekee, yalitokea zaidi ya matukio 1,500 ya dubu kuvunja magari na kupora vyakula.

Tusiseme kwamba dubu hao ni waovu. Kuokota kokwa moja moja ni kazi ya siku nzima. Pipa moja la taka hushibisha kwa dakika chache. Dubu hukumbuka mahali alipopata chakula, na mama huwaonyesha watoto wake. Woga wake kwa binadamu hupungua, mpaka siku anapovunja nyumba au kumjeruhi mtu. Hapo askari wa wanyamapori hulazimika kumwua. Aliyemtupia biskuti ya kwanza hayupo tena. Pengine amekwisha sahau.

Dawa yake haikuwa bunduki. Yosemite iliweka masanduku ya chuma ambayo dubu hawezi kuyafungua, ikawalazimisha wageni kuyatumia, na matukio yakapungua sana. Huko Louisiana, ambako misitu ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya mashamba, dubu wa huko waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1992. Makazi yao yalilindwa na miti ikapandwa upya. Mwaka 2016 waliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Sisi hatuna dubu, lakini tunao nyani na ngedere wanaongoja mikate kando ya barabara. Kanuni ni ile ile.

Maswali

1. Eleza faida ya kiinitete kuchelewa kujishikiza.
2. Kwa nini kuuawa kwa jike kuna madhara makubwa kuliko kuuawa kwa dume?
3. Chunguza jalala lililo karibu na shule yako. Ni wanyama gani hulitegemea, na tabia zao zimebadilika vipi?