Maji ya Kunywa Siku za Maafa: Kijitabu kwa Kaya za Izimbya na Jirani Zake

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, mkoani kwetu Kagera, katika muda wa saa 24. Walipokelewa Benaco, mahali penye ziwa dogo. Mashirika yalivuta maji ya ziwa lile kwa pampu, yakaliacha tope litulie kwenye matangi, yakayatia klorini, kisha yakayagawa kwa mabomba. Watu waliugua, na kuhara damu kulikuwapo, lakini kambi ilipata maji.

Julai mwaka huohuo mamia ya maelfu ya wenzao walivukia Goma, Kongo ya mashariki, iliyoitwa Zaire wakati huo. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano; hauchimbiki kisima wala choo. Wiki ya kwanza maji yaliyosafishwa yalitosha lita 0.2 tu kwa mtu kwa siku, yaani hata kikombe kikubwa hakijai. Watu wakanywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo, na kipindupindu kikawaingia. Katika mwezi wa kwanza walifariki karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Sababu za tofauti kati ya Benaco na Goma ni zaidi ya moja, lakini maji ni miongoni mwa zile kubwa.

Tunaanza na habari hizi kwa sababu maafa hayako mbali na Izimbya. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 mkoani na kubomoa maelfu ya nyumba. Nyumba ikianguka, bati na mfereji wa kuvunia mvua huanguka nayo, na tangi hupasuka. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika kata za Maruku na Kanyangereko, hapahapa Bukoba Vijijini, na watu 6 wakafariki. Siku zile kila mlango ulihitaji maji ya kunawa, na kaya iliyokuwa ikichota ndoo mbili ilijikuta inahitaji nne.

Msaada huchukua siku kadhaa kufika. Siku hizo za mwanzo maji yako mikononi mwa kaya, jirani na kamati ya maji ya kijiji, na kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yao.

Kiasi kwanza

Wengi hudhani hatari ya maafa ni maji machafu tu. Maji machache nayo huua. Mama mwenye dumu moja la lita 20 kwa watu sita atapika na kunywa. Hatanawa mikono baada ya kumsafisha mtoto, wala hataosha vyombo vizuri. Mwaka 1997 mashirika ya misaada, yakiwa yamejifunza mengi kutokana na yaliyowakuta Wanyarwanda, yalianza kuandaa viwango vya pamoja vinavyoitwa Sphere. Viwango hivyo vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na usafi. Kituo cha maji kisiwe zaidi ya mita 500 kutoka anapoishi, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asipange foleni zaidi ya dakika 30.

Vikumbuke viwango hivi. Siku watu wakipewa hifadhi shuleni au kanisani, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuhesabu watu na mabomba, kisha akasema wazi kinachopungua. Kama maji hayatoshi kabisa, ni afadhali watu wapate maji mengi ya usafi wa kadiri kuliko maji machache safi sana, mradi yale ya kunywa yanatibiwa nyumbani.

Chemchemi na vyanzo vingine

Chemchemi iliyojengewa vizuri ndiyo rafiki mkubwa wa vijiji vyetu. Maji hutoka ardhini, hupita kwenye mawe na kokoto nyuma ya ukuta, kisha hutoka kwa bomba bila mkono wala ndoo kugusa jicho la maji. Ilindwe kwa uzio mifugo isiingie. Juu yake uchimbwe mtaro wa kukingia maji ya mvua yanayoteremka kutoka vibanjani na samadi. Choo kisichimbwe upande wa juu wa mlima, na popote kiwapo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo.

Baada ya tetemeko au mvua kubwa, angalia kabla ya kuchota. Maji yaliyokuwa meupe yakitoka na tope, au yakipungua ghafla, au ukuta ukiwa na ufa, endeleeni kuyatumia kufua, lakini ya kunywa yatibiwe yote hadi fundi na afisa afya wakague. Maji ya bwawa, ya Mto Ngono na ya Ziwa Ikimba yasinywewe bila kutibiwa, hata yakionekana maangavu. Kuyakanyaga pia kunaweza kuleta kichocho.

Kutibu nyumbani

Kuchemsha kunajulikana na kila mtu, ila wengi wetu tumefundishwa kuchemsha kwa dakika kumi au ishirini. Katika mwinuko wa vijiji vyetu inatosha maji yatokote kwa dakika moja. Dakika zinazobaki ni kuni zinazopotea, na siku za maafa kuni ni shida nyingine. Yapoe ndani ya chombo hichohicho kilichofunikwa.

Dawa ya klorini, ya maji au ya vidonge, huja kwa nguvu tofauti, hivyo soma kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti. Usitumie kipimo cha mwaka jana ikiwa pakiti imebadilika. Koroga, funika, subiri dakika 30. Harufu nyepesi ya dawa inaonyesha kuwa kinga bado ipo. Wapo wanaoiogopa, wapo wanaosikia kuwa inaharibu uzazi. Kwa kipimo sahihi haina madhara hayo, na klorini hiyohiyo hutumika katika mabomba ya miji mingi duniani. Lakini maji makali ya klorini yanayowekwa kituo cha afya kwa kunawa mikono au kupangusa sakafu yasinywewe kamwe.

Maji yenye tope huimaliza nguvu dawa kabla haijaua vijidudu. Yaache yatulie, mimina yale ya juu, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Huko Bangladesh watafiti walionyesha kuwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne hupunguza kipindupindu karibu kwa nusu. Kanga kuukuu inaweza kuchuja vivyo hivyo. Kuchuja hakutoshi peke yake; baada yake tia dawa au chemsha.

Usipokuwa na dawa wala kuni, jaza maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, uzilaze juani saa sita. Kukiwa na mawingu, na sisi tuliozoea mvua za upande wa ziwa tunayajua mawingu, ziache siku mbili.

Kutoka bombani hadi mdomoni

Hapa ndipo tunapowaomba msimame. Maji yakitoka salama chemchemini huweza kuharibika kabla ya kunywewa. Tazama ndoo iliyo wazi jikoni: mtoto anachukua kikombe kilichokuwa chini, anakizamisha hadi vidole vinaingia majini, anakunywa nusu, nusu anairudisha. Msibani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kikombe kimoja kinazunguka mikono mingi siku nzima.

Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi ya Nyamithuthu nchini Malawi, baadhi ya kaya zilipewa ndoo zenye mfuniko wa kudumu na mdomo wa kumiminia, hivyo mkono haukuweza kuingia. Vijidudu vya kinyesi katika maji yao vilipungua kwa asilimia 69, na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31. Chanzo cha maji hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni chombo.

Kwa hiyo maji ya kunywa yakae katika dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye mfuniko na koki. Dumu lisuguliwe ndani kila wiki kwa maji ya sabuni na changarawe safi, kisha lisuuzwe. Asiyekuwa na koki atumie kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani, na mtu mmoja mwenye mikono safi awagawie wengine. Nje ya choo weka kibuyu chirizi na sabuni.

Mtu akianza kuhara

Usingoje. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kila anapoharisha. Yasipokuwapo, chukua lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto aendelee kunyonya. Kuhara maji mengi kama ya mchele, kutapika mfululizo, macho kubonyea au kulegea ni dalili za kumkimbiza zahanati au hospitali ya Izimbya huku akinyweshwa njiani. Wagonjwa wawili au zaidi wa namna hiyo katika kitongoji kimoja, mwambieni mhudumu wa afya ngazi ya jamii siku hiyohiyo, au pigeni 199 bila malipo. Bomba au chemchemi ikiharibika, taarifa ipelekwe kwa chombo cha watumia maji cha kijiji, nacho kiifikishe RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, ikitaja jina la chanzo, idadi ya kaya zinazokitegemea na siku tatizo lilipoanza.