Uvujaji wa Kumbukumbu katika Mashine Isikiayo Sauti

Katika toleo hili nataka kuwaeleza ugonjwa mmoja wa programu za kompyuta, jinsi ulivyoingia nyumbani kwetu Rumonge, na njia niliyoifuata mpaka nikaupata. Sikuandika ili nijisifu, maana mtaona kwamba nilikosea mara tatu kabla ya kufaulu. Naandika kwa sababu ugonjwa huu hupatikana katika programu za kila namna, na njia ya kuutafuta ni ile ile.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Kwa miaka mingi aliondoka jioni kwenda ziwani kuvua ndagala kwa taa, akarudi alfajiri. Sasa macho yake yamefifia, na swichi ya ukutani haioni. Kwa hiyo mwaka jana, wakati wa likizo, nilimtengenezea nyumba isikiayo sauti. Nilitumia kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, na programu ya Home Assistant, ambayo Paulus Schoutsen aliianzisha mwaka 2013 na ambayo watu wote wanaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Mwaka 2023 watengenezaji wake waliutangaza kuwa mwaka wa sauti, na tangu hapo mtu aweza kuiamuru nyumba kwa maneno bila sauti yake kupelekwa nchi za mbali. Programu ya Whisper hugeuza maneno kuwa maandishi, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Programu ya Piper hujibu kwa sauti, nayo inayo sauti ya Kiswahili cha Kongo, ambayo babu aliifurahia sana. Alisema, “Mjukuu wangu, huyu ni mtu wa Uvira au wa Kalemie!”

Chumbani mwa babu niliweka kipaza sauti kidogo chenye kutumia waifai. Babu huita “Oke Nabu” kama amwitaye jirani, kisha husema, “Washa taa ya chumbani.” Sentensi hizo tuliziandika wenyewe. Kompyuta na taa zote zinatumia betri ya jua, hata umeme wa mji ukikatika zinaendelea.

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne mashine ikawa nzito, na usiku wake ikawa kiziwi kabisa. Babu aliita mara nyingi, kisha akainuka gizani, akajikwaa kwenye kigoda, akajeruhi goti. Asubuhi hakunigombeza. Alisema tu, “Taa ya karabai haikunidanganya hata siku moja.” Neno hilo liliniuma kuliko fimbo. Niliizima mashine na kuiwasha tena, ikapona. Baada ya siku nne nyingine ikaugua vile vile.

Ugonjwa ni nini?

Kumbukumbu ya kompyuta ninayoitaja hapa si ile inayohifadhi picha na barua zetu. Ni meza ya kazi. Kila programu huazima nafasi mezani, huifanyia kazi, kisha huirudisha. Fikirini maktaba yetu ya shule. Mwanafunzi akiazima kitabu na kukirudisha, rafu haziishi vitabu. Lakini wakiwapo wanafunzi wanaoazima kila siku na kuondoka bila kurudisha, hata kama kila mmoja ameazima kimoja tu, mwisho rafu zitakuwa tupu. Kitabu hakikupotea, kipo kwa mtu asiyekisoma tena. Huko ndiko kuvuja kwa kumbukumbu: nafasi imeazimwa, haitumiki, wala hairudi.

Sisi wa pwani ya Tanganyika tunao mfano mkubwa zaidi. Mito mingi huingia ziwani, kama Rusizi na Malagarasi, lakini mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulizibwa na mchanga na majani. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 maji yalikuwa hayatoki, na ziwa lilikuwa linapanda, mpaka karibu na mwaka 1878 maji yalipovunja kizuizi na kutoka kwa nguvu. Kinachoingia bila kutoka, hata kikiwa kidogo, sharti kitafurika. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Kumbukumbu ikijaa, mfumo wa Linux huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi. Mara nyingi huua ile iliyoshika nafasi kubwa. Nilipofungua daftari la mfumo niliyakuta maneno “Out of memory: Killed process” pamoja na jina la programu moja ya nyongeza, ile inayosikiliza mwito wa babu. Tena, ipo swichi ya mlinzi inayoiamsha programu iliyoanguka, nami sikuwa nimeiwasha. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Hatua ya kwanza: pima, usikisie

Nilipima kwa amri iitwayo free. Niliangalia safu iliyoandikwa “free”, nikaona megabaiti 60 tu baada ya saa moja, nikashtuka. Kumbe nilisoma safu isiyo yake. Linux hutumia nafasi isiyo na kazi kuwekea nakala za mafaili iliyokwisha kuyasoma, na nafasi hiyo huiachilia mara inapohitajika. Safu ya kusoma ni “available”, nayo ilisema 460. Hilo ndilo kosa langu la pili, na naomba lisiwe lenu.

Kisha niliandika ukubwa wa kila programu peke yake, saa ile ile, kila siku. Programu nyingine hazikubadilika sana. Ile ya kusikiliza mwito ilikwenda hivi:

Baada ya saa 1: megabaiti 240.
Baada ya siku 1: megabaiti 352.
Baada ya siku 2: megabaiti 471.
Baada ya siku 3: megabaiti 583.

Angalieni vizuri. Programu kukua si ugonjwa peke yake. Ikiamka hupakia vitu vyake, hukua, kisha husimama. Huko ni kula na kushiba. Lakini ile isiyosimama, bali huongezeka kiasi kile kile kila siku, hiyo inavuja. Hapa ongezeko la siku tatu ni 343, yaani karibu 114 kwa siku. Gawanyeni 460 kwa 114 mtapata siku 4 hivi. Hesabu iliitaja siku ile ile ambayo babu alianguka.

Hatua ya pili: tenga sababu moja moja

Nilidhani kwamba babu anasema mno, na kila amri huacha kipande cha kumbukumbu. Basi nilikaa mbele ya kipaza sauti nikatoa amri 200 mfululizo, mpaka dada zangu wakanicheka. Programu ilitoka 240 ikafika 242, ikasimama. Nilikuwa nimemsingizia babu bure. Hilo ni kosa la tatu.

Ndipo nilipolisoma daftari la programu yenyewe, nikaona neno la “kuunganishwa upya” likirudiwa mara 118 katika siku zile tatu. Kati ya chumba cha babu na mtambo wa waifai ziko kuta mbili za matofali, na mawasiliano hukatika kila mara. Nilifanya jaribio. Nilichomoa waya wa kipaza sauti na kuuchomeka tena mara 20, bila kusema neno lo lote. Programu iliongezeka megabaiti 58. Mvujo ulikuwa umepatikana: haukutokana na kusema, ulitokana na kukatika.

Hatua ya tatu: hesabu ikubaliane na jambo

Kipaza sauti hupeleka sampuli 16,000 kila sekunde, na kila sampuli ni baiti 2. Basi sekunde moja ni baiti 32,000. Programu ile huweka sekunde 30 za mwisho, isije ikapoteza mwanzo wa amri: hizo ni baiti 960,000. Tena huweka nakala ya pili kwa namba za desimali zenye baiti 4, nazo ni baiti 1,920,000. Jumla ni baiti 2,880,000, yaani megabaiti 2.88 kwa kila kikao cha mawasiliano. Zidisheni kwa 20, mtapata 57.6, jaribio lilionyesha 58. Zidisheni kwa 118, mtapata karibu 340. Kipimo cha siku tatu kilionyesha 343. Hesabu na jambo zikikaribiana hivi, mtu aweza kusema kwamba amefika karibu na kweli.

Hatua ya nne: tafuta mstari wenyewe

Programu ile imeandikwa kwa lugha ya Python. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, Python inacho chombo kiitwacho tracemalloc, kinachoandika kila nafasi imeazimwa na mstari gani. Nilichukua picha ya kwanza, nikachomoa waya mara 20, nikachukua picha ya pili, nikalinganisha. Mstari mmoja ulikuwa juu ya yote: ule unaoandaa sanduku la sauti la kila kikao kipya. Lakini fahamuni kwamba chombo hiki hakioni kumbukumbu yote iliyoazimwa na maktaba za lugha ya C, basi pengine hesabu yake itapungua kuliko ya mfumo.

Sababu ilikuwa hii. Programu huliandika kila sanduku katika orodha, na hulifuta pale tu kipaza sauti kinapoaga kwa adabu. Lakini waifai ikikatika, kipaza sauti hakiagi. Hurudi na kufungua kikao kipya, na seva hudhani kwamba kikao cha zamani bado kipo, ikingoja neno. Hata Linux haitaihakikisha njia ile kama programu haikuomba. Na ikiomba, kwa kawaida hungoja sekunde 7,200, yaani saa 2, kabla ya kuanza kuuliza.

Kwa nini mtengenezaji hakuliona? Nadhani kwake waifai ni nzuri na haikatiki. Tena mtu ambaye kompyuta yake huzimika pamoja na umeme hupata meza safi kila mara. Yetu, kwa sababu ya betri ya jua, haikuzimika kamwe, na hivyo haikusamehewa deni lo lote.

Dawa

Rafiki yangu alinishauri niiwashe upya mashine kila usiku wa manane. Ushauri huo si mbaya, nami niliufuata siku chache. Lakini wavuvi wanajua tofauti ya kufua maji na kukalafati. Anayefua maji anafika pwani leo. Tundu lipo, nalo litamngoja kesho.

Dawa ya kweli ilikuwa mistari michache. Nililihamisha tendo la kufuta sanduku, nikaliweka katika sehemu ya “finally”, ambayo Python huitekeleza kikao kikiisha kwa adabu au kwa ghafula. Kisha niliongeza sharti kwamba kikao kisicholeta sauti kwa sekunde 60 kihesabiwe kuwa kimekufa na kifungwe. Sharti hili la pili ni la lazima, maana kikao kisichojua kwamba kimekufa hakiwezi kufika kwenye “finally”. Niliiwasha pia swichi ya mlinzi. Baada ya siku 1 kipimo kilikuwa 241, siku ya pili 243, siku ya tatu 242. Siku ya nne sikulala. Nilisikiliza mlangoni mpaka babu alipoita usiku, na taa ikawaka.

Niliwaandikia watengenezaji, nikawapa namba ya toleo, vipimo vyangu, na jinsi ya kurudia kosa kwa kuchomoa waya. Ndugu zangu, tukiletewa bure kazi ya mikono ya watu, taarifa nzuri ya kosa ni namna ya kulipa. “Haifanyi kazi” si taarifa.

Mwisho nikamwekea babu swichi kubwa ya kamba kando ya kitanda, isiyohitaji kompyuta. Kwa maana mimi niliyefunga mashine ile nilimwachia mzee njia moja tu ya kupata mwanga, na kosa hilo halikuwa la Python.

Maswali ya kujipima

1. Programu ilikua kutoka 200 hadi 260 saa ya kwanza, kisha ikabaki 260 wiki nzima. Je, inavuja? Eleza.

2. Mashine inazo megabaiti 300 zinazopatikana. Kila kukatika huacha 2.88, na hukatika mara 25 kwa siku. Itadumu muda gani? (Jibu: zaidi kidogo ya siku 4.)

3. Katika nyumba yenu, kompyuta ikifa usiku wa leo, ni nani atakayebaki gizani?

Wakubwa wetu mnaofanya kazi hizi Bujumbura na kwingineko, mkiona nimekosea, nisahihisheni katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Rumonge