Pigo la Polepole katika Mchezo wa Pool

Wazazi wengi hawaupendi mchezo wa pool, nao wana sababu, kwani meza nyingi huwekwa penye pombe na kamari. Baba yangu ameniruhusu kuucheza wakati wa likizo tu, kwa masharti matatu: nisicheze kwa fedha, nisikae penye vileo, na jua lisichwe kabla sijarudi nyumbani. Kwetu Kawe, si mbali na viwanja vya Tanganyika Packers, kipo kibanda kimoja kiuzacho soda na maji tu. Huko ndiko nilikojifunza haya.

Vijana wengi hupenda kuupiga mpira mweupe kwa nguvu, maana kishindo chake hushangiliwa. Lakini nguvu huficha makosa. Mpira uendao polepole huonyesha kila kosa la mkono, kwa hiyo ndio mwalimu mzuri.

Kwanza, ikague meza. Kwetu ardhi ni ya mchanga, na miguu ya meza huzama. Usukume mpira taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukipinda karibu na mwisho wa safari, meza imeinama, na yafaa kuweka kipande cha ubao chini ya mguu. Tena, wakati wa masika kitambaa hushika unyevu, na mpira huchoka mapema.

Pili, tufahamu sababu yake. Mwaka 1835 Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis alitoa kitabu cha hesabu za mchezo wa biliadi. Mpira ukipigwa katikati barabara, huanza kwa kuteleza juu ya kitambaa. Kisha msuguano huufanya ubingirike. Uanzapo kubingirika sawasawa, huwa umebakiwa na sehemu tano tu katika saba za mwendo wake wa kwanza. Ukipigwa kwa nguvu huteleza mbali. Ukipigwa polepole hubingirika karibu tangu mwanzo. Ndiyo maana ni rahisi kukadiria utakaposimama.

Tatu, zoezi lenyewe. Weka mpira mweupe peke yake katikati ya upana wa meza, karibu na mwisho mmoja. Upige polepole uende moja kwa moja hadi ukingo wa mbele, ukarudi kwenye ncha ya fimbo yako. Ukirudi kuliani au kushotoni, huenda hukuupiga katikati, au fimbo yako ilikwenda upande. Fanya hivyo mara kumi, uhesabu iliyorudi sawa. Mpira mweupe ukiangukia shimoni meza huurudisha, basi zoezi hili halikumalizii fedha. Mimi hulifanya asubuhi, wakati mwenye kibanda hana wateja.

Hapa pana siri moja. Wengi, wakitaka pigo dogo, huvuta fimbo nyuma sana, kisha huipunguza mwendo inapokaribia mpira. Mkono ukisita hivyo, ncha huyumba. Vuta fimbo nyuma kidogo tu, halafu iache ipite mbele bila kusita, hata baada ya kugusa mpira. Ishike kwa vidole vilivyolegea, wala usiinue kichwa mpaka mpira usimame.

Faida nyingine ni hii: mpira ufikao shimoni polepole, hata ukigusa pembe za shimo, mara nyingi huanguka ndani. Uendao kasi hugonga pembe hizo ukatoka tena. Katika mpira mweusi wa mwisho, jambo hilo ndilo huamua mshindi.

Wenzangu wa kidato cha nne, mtihani wa taifa uko mbele yetu, na meza ya pool itakuwapo baada yake. Nanyi wazazi, mwanao akiomba ruhusa, mwulizeni kwanza meza iko wapi, na nani hukaa hapo. Jibu likiwa jema, mwambieni ahesabu mapigo kumi, awaletee hesabu yake jioni.